Alishinda, Akafukuzwa

Je, mtu aweza kufukuzwa kazi baada ya kuifanya vema? Swali hilo tumeulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Butembo, na wenzao wa Beni, wale wachezao mpira wa kikapu jioni baada ya shule. Wao hufuata habari za Marekani na Kanada katika simu zao, na majina ya wachezaji wanayajua kuliko majina ya mitume kumi na wawili. Sisi twafundisha katekisimu, hatufundishi mpira. Lakini swali la haki ni swali la katekisimu, hata likija limevaa kaptura na raba.

Habari wanayoiuliza ni ya Dwane Casey, Mmarekani mweusi aliyekulia katika jimbo la Kentucky. Mwaka 2011 alichukuliwa kuwa kocha, yaani mwalimu wa timu, ya Toronto Raptors katika nchi ya Kanada. Alikuta timu dhaifu. Mwaka wake wa kwanza ilishinda michezo 23, ikashindwa 43. Casey hakukata tamaa. Aliagiza jiwe kubwa, la uzito wa zaidi ya kilo 500, likawekwa katika chumba cha wachezaji. Maana yake ilikuwa hii: mpasua mawe hupiga nyundo mara mia, na jiwe halionyeshi hata ufa, akipiga mara ya mia na moja, lapasuka. Basi si pigo lile la mwisho tu lililolipasua, ni yote yaliyotangulia. Hapa Butembo hatuhitaji kuelezwa zaidi. Sote tumewaona akina mama na vijana wanaoponda mawe kuwa kokoto kando ya njia, tangu asubuhi hadi jua kuchwa.

Jiwe likaanza kupasuka. Tangu mwaka 2014 timu ile iliingia kila mwaka katika mashindano ya mwisho. Mwaka 2016 ilishinda michezo 56, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa mtoto wa nchi yetu, Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi. Tarehe 21 Mei 2016, walipocheza na Cleveland, Biyombo alidaka mipira 26 iliyokosa kikapu, na timu yake ikashinda. Mwaka uliofuata akaja Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, ng'ambo ya mto. Na katika msimu wa mwaka 2017 hadi 2018, Casey alifika juu kuliko alivyopata kufika: katika michezo 82 timu yake ilishinda 59, ikawa ya kwanza katika upande wote wa mashariki.

Halafu wakakutana na Cleveland tena. Katika timu ile alikuwamo LeBron James, ambaye vijana wote wanamjua. Ilikuwa mara ya tatu kwa miaka mitatu. Mwaka 2016 Cleveland iliwatoa, mwaka 2017 iliwatoa, na mwaka 2018 iliwashinda michezo minne kwa sufuri. Mchezo wa kwanza walishindwa kwa nukta moja tu; mchezo wa tatu James alifunga katika nukta ya mwisho ya saa; mchezo wa nne, tarehe 7 Mei, walipigwa 128 kwa 93.

Sasa tazameni tarehe zinazofuata. Tarehe 9 Mei ilitangazwa kwamba makocha wenzake wamemchagua Casey kuwa kocha bora wa mwaka. Tarehe 11 Mei akafukuzwa. Na tarehe 25 Juni, akiwa amekwisha pata kazi katika mji wa Detroit, ligi yenyewe ikampa nishani ya kocha bora wa mwaka, kwa kazi aliyokuwa ameondolewa. Jambo hilo si geni huko. George Karl wa Denver alipatwa nalo mwaka 2013: alishinda michezo 57, akapewa nishani ileile, kisha akaondolewa. Na Juni 2025 Tom Thibodeau wa New York aliachishwa kazi siku chache baada ya kuifikisha timu yake mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka 25.

Vijana husema, "Fadhila za punda ni mateke." Lakini tusihukumu upesi. Aliyemwondoa Casey ni Masai Ujiri, mkubwa wa timu ile tangu mwaka 2013. Baba yake ni Mnijeria, mama yake ni Mkenya. Kwa upande wa mama ni jirani yetu. Ni mtu aliyewasaidia sana vijana wa Afrika kwa njia ya mchezo huu. Hakumwondoa Casey kwa chuki, wala kwa wizi, wala kwa uvivu. Alisema ni hatua ngumu lakini ya lazima, ili timu ipande ngazi iliyobaki. Alimwona mtu mwema aliyefika kwenye ukuta mara tatu, akaamua mwingine ajaribu. Mwenye shamba anaweza kufikiri hivyo. Kumwita mwovu kwa ajili ya hayo ni kumsingizia.

Akamweka Nick Nurse, aliyekuwa msaidizi wa Casey mwenyewe kwa miaka mitano. Na tarehe 13 Juni 2019 timu ya Toronto ikashinda ubingwa wa ligi yote, mara ya kwanza kwa timu ya nje ya Marekani. Ibaka alikuwamo. Alikuwamo pia Pascal Siakam wa Kameruni, na habari yake inatufurahisha sisi tuliopita seminarini, maana baba yake alimpeleka katika seminari ya Mtakatifu Andrea huko Bafia ili awe padre. Padre hakuwa, lakini katika mchezo wa kwanza wa fainali alifunga nukta 32.

Hapo vijana wetu wanapiga makofi. "Mnaona, Mwalimu? Ujiri alikuwa na haki. Alimfukuza, akashinda." Kijana mmoja wa darasa la kipaimara alisema hivyo mbele ya wenzake wote, akaketi kama hakimu aliyemaliza kesi.

Sisi tukamwambia: Ngoja. Kwanza, kiangazi kile LeBron James alihama kwenda Los Angeles. Ule ukuta ukajiondoa wenyewe. Tena, Ujiri alimleta Kawhi Leonard, mmoja wa wachezaji bora duniani, na ili kumpata alimtoa DeMar DeRozan, aliyekuwa ameitumikia timu ile kwa miaka tisa. Nani basi ajuaye kama Casey, akiwa na Leonard na bila James mbele yake, asingeshinda? Hakuna ajuaye. Lakini hata kama tungejua, jambo kubwa liko mbele yetu bado. Ushindi wa baadaye hausemi kama uamuzi ulikuwa wa haki. Mtu akimdhulumu jirani yake shamba, na mahindi yakastawi, je, mahindi yale yamefuta dhuluma? Mavuno ni jambo moja, na haki ni jambo lingine. Na mkumbukeni yule mpasua mawe: Nurse alipiga pigo la mia na moja.

Gurudumu halikusimama hapo. Nurse, bingwa wa mwaka 2019, aliondolewa Aprili 2023. Na Ujiri mwenyewe, aliyewaondoa wote wawili, aliambiwa kwaheri na wenye timu tarehe 27 Juni 2025. Basi aliye na kalamu leo asisahau kwamba kesho jina lake litaandikwa kwa kalamu ya mwingine.

Tumeyaeleza haya kwa urefu, wala si kwa sababu ya mpira. Casey alikuwa na mkataba mnono, na kazi mpya aliipata mwezi uliofuata. Watoto wake hawakulala njaa. Hapa kwetu mambo ni mengine.

Kandokando ya njia itokayo Butembo kwenda Beni kuna shule moja ya msingi ya mtu binafsi. Hatutaji shule wala mwenyewe. Mkuu wa shule ile aliikuta ikiwa na madawati machache na paa lenye kuvuja. Alifanya kazi hapo miaka saba. Watu walipokimbia mauaji ya upande wa Beni, alipokea watoto wao bila kuuliza kwanza kama wana daftari. Jioni aliwafundisha wale wa darasa la sita bila malipo. Mwaka wake wa mwisho wote walifaulu mtihani wa taifa, na wazazi walicheza ngoma uwanjani.

Wiki ile ile akaletewa barua. Aliyeileta ni mtoto, imekunjwa mara nne. Ilisema anashukuriwa kwa kazi, na kesho yake arudishe funguo. Sababu haikuandikwa. Mwenye shule anakaa karibu naye, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini hakufika.

Mwalimu yule akaacha kuja Misani. Tulipomtembelea tulimkuta amevaa viatu vyake vya kazi, vimepakwa dawa, ameketi mlangoni. Mke wake alituletea kahawa. Alituambia kwamba kila siku huamka saa kumi na moja kama zamani, huvaa, kisha hukumbuka. Mtoto wake alikuwa amemwuliza, "Baba, ulikosa nini?" Naye hakuwa na jibu. "Katekista," alituambia, "kama ningeiba, ningelijua kosa langu, ningeliungama. Sasa niungame nini?" Na Misa je? Akasema, "Yeye huketi benchi la mbele na kupokea Ekaristi. Mimi nikimwona, sala hutoka moyoni mwangu. Afadhali nikae nyumbani kuliko kukaa mbele ya Mungu na hasira."

Ndugu, hapo ndipo mlipo uzito wa jambo hili. Barua ya mistari mitatu imemwondoa mtu shuleni, na karibu imwondoe pia kanisani. Aliyeiandika labda hakudhani hata kidogo kwamba anaandika juu ya roho ya mtu.

Basi tuseme nini? Lugha yetu ina maneno matatu: kufukuza, kuachisha, na kuaga. Mbwa aliyeingia jikoni hufukuzwa. Mtoto aliyekua huachishwa ziwa. Mgeni aliyekaa nasi vema huagwa: husindikizwa hadi njiani, hushikwa mkono, hupewa kitu cha kubeba. Kazi njema haimpi mtu haki ya kubaki mahali pale siku zote. Hakuna mtu mwenye haki hiyo, wala kocha, wala mkuu wa shule, wala mwimbishaji wa kwaya, wala sisi makatekista ambao twaweza kuhamishwa kesho. Lakini kazi njema inampa mtu haki ya kuagwa kama mtu. Hilo tu ndilo tunalotaka kusema, na mengine yote ni kulieleza.

Kwanza, tuseme na wenye kuajiri. Wengi wenu ni Wakristu, na wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mbali kwa bidii yao. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mkataba usio na muda maalumu hauvunjwi na mwajiri bila sababu halali: ama uwezo wa mfanyakazi, ama mwenendo wake kazini, ama mahitaji ya kazi yenyewe. Tena inataka mtu apewe taarifa mbele: siku 14 za kazi kwa uchache, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Hesabuni wenyewe. Mtu wa miaka saba ana haki ya siku 63 za kazi. Mwalimu yule alipewa usiku mmoja.

Lakini hata pasipo sheria ya serikali, twayo Injili. Bwana wetu Yesu Kristu alitoa mfano wa wakili dhalimu aliyetapanya mali ya tajiri. Mara nyingi twautazama ujanja wa wakili, twasahau alivyofanya tajiri. Tajiri alimwita. Alimwambia uso kwa uso shtaka lililoletwa. Akamtaka atoe hesabu. Yule alikuwa mwizi, naye aliitwa na kuambiwa! Je, mtumishi mwaminifu astahili kupata chini ya alichopata wakili dhalimu?

Mtazameni pia Musa. Aliwaongoza Waisraeli miaka arobaini jangwani, na nchi ya ahadi aliiona kwa macho tu, kutoka kilimani. Aliyewaingiza ni msaidizi wake, Yoshua. Lakini Mungu alimwambia Musa sababu. Akamwagiza amwekee Yoshua mikono yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, ili kazi itoke mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mtu. Na Musa alipokufa, watu walimlilia siku thelathini kabla ya kuvuka Yordani. Hawakuvuka na huku wamempa kisogo.

Pili, tuseme na waingiao mahali pa wengine. Wewe uliyepewa kiti hukukiiba, usione haya. Lakini usijifanye uliyejenga nyumba. Mrithi wa mwalimu yule ni kijana aliyekuwa akifundisha darasa la tano chini yake. Kwa wiki nyingi alipita njia nyingine ili asionane naye. Kisha jioni moja alikwenda kwake na madaftari ya shule mkononi, akasema, "Mwalimu, sijui jinsi ulivyokuwa ukipanga watoto wa wakimbizi. Naomba unifundishe." Wakakaa na taa hadi usiku. Hilo halikuwa kazi katika mkataba wa yeyote kati yao. Sisi twaona ulikuwa ndio ule uwekaji wa mikono, uliofanyika ukiwa umechelewa.

Tatu, tuseme na walioondolewa. Casey hakurusha mawe kwa wakubwa wake. Katika gazeti la mji, Toronto Star, yeye na mke wake waliandika barua ya kuwashukuru watu wa Toronto. Kisha akafanya kazi. Tarehe 14 Novemba 2018 alirudi Toronto na timu yake mpya ya Detroit, watu wakamshangilia, na jioni ile Detroit iliyokuwa nyuma kwa nukta 19 ikashinda 106 kwa 104. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mwingine hutunzwa baada ya kutoka kwao.

Na sisi wa jimbo la Butembo-Beni tunao mfano ulio mkubwa zaidi. Askofu Emmanuel Kataliko alituchunga tangu mwaka 1966, kisha akatumwa Bukavu mwaka 1997. Februari 2000 wenye silaha waliotawala wakamzuia asiingie katika kiti chake, wakamleta Butembo kama mtu wa kufungiwa. Ule ulikuwa uonevu, si kuachishwa kazi, nasi hatulinganishi. Lakini tazameni alivyochukua. Hakuacha kuwa mchungaji kwa kuwa ameondolewa kitini. Aliwaandikia watu wake, aliwaombea, hakuwachochea kulipiza kisasi. Septemba mwaka uleule alirudi kwao, na tarehe 4 Oktoba akafariki huko Roma. Kiti chaweza kuchukuliwa. Kazi ambayo Mungu ameiweka ndani ya mtu haichukuliki kwa barua.

Wala hatusemi kwamba aliyedhulumiwa anyamaze tu. Kudai siku zako za taarifa si chuki. Kwenda kwa mkaguzi wa kazi si dhambi. Mtakatifu Paulo mwenyewe, alipopigwa bila hukumu, alidai haki ya raia. Mtu aweza kudai haki yake mchana na kumwombea mwajiri wake jioni. Mikono ile ile miwili yatosha kwa kazi zote mbili.

Mwalimu wetu amerudi Misani. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Majilio. Aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na wakati wa kutakiana amani alimpa mkono jirani yake tu. Sasa anafundisha kwingine, kwa mshahara mdogo zaidi. Sababu ya kuondolewa kwake hajaambiwa mpaka leo. Mtu wa benchi la mbele angali na nafasi ya kutembea zile dakika kumi.

Mwisho wa mwaka wa shule hukaribia kila mwaka, na katika nyumba nyingi barua huandikwa. Basi wewe mwenye kuandika, kabla hujakunja karatasi, mwite mtu yule. Mpe kiti. Mwambie sababu kwa kinywa chako. Mhesabie siku zake na mshahara wake. Mshukuru mbele ya watu aliowatumikia, na umwache amkabidhi kazi ajaye baada yake. Ukishindwa kumtazama usoni, ichunguze sababu yako tena, maana labda si sababu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Injili haisemi aliiacha kazi yake lini wala aliagwa na nani, awaombee wote walioondolewa mlango wa nyuma, na awafundishe wenye milango kuufungua ule wa mbele.